Mama Plau na Oili ya Mikono Mitatu

Mama Plau alikuwa na sheria moja ambayo hakuruhusu mtu aibishie: oili ya gia katika trekta lake hutiwa na mkono mmoja, na mkono huo ni wake. Watu waliweza kulipanda trekta lile, kuliosha, kulisifu, hata kulitukana lilipogoma kuwaka asubuhi. Lakini faneli ya kumiminia oili ilining'inia kwenye msumari wake juu ya mlango wa banda, na aliyeigusa alihojiwa kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sanduku la sadaka.

Sheria hiyo aliishika miaka yote tangu aliporithi trekta kwa baba yake. Aliivunja msimu mmoja tu, na hata hapo hakuivunja kwa mkono. Aliivunja kwa mdomo.

Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu la kuheshimika. Rangi yake nyekundu ilibaki mahali pasipofikiwa na jua. Kiti kilikuwa cha bati lenye matundu kama chujio, na usukani ulivikwa ngozi iliyoshonwa kwa ustadi na mume wake, fundi cherehani, mtu ambaye hakuweza kuona kitu kiko uchi bila kukishonea nguo. Kwa trekta hilo Mama Plau aliwalimia watu mashamba, akasomesha binti, akamwoza, na akapata jina ambalo lilimfutia lile la kuzaliwa. Hata hospitali waliita "Mama Plau!" naye akanyanyuka.

Sasa, kuhusu oili hakuwa na mzaha. Katika trekta la namna ile, oili inayolainisha gia ndiyo hiyo hiyo inayosukumwa na pampu kunyanyua plau. Tangi ni moja, kazi ni mbili. Ukitia nzito mno, gia zitastarehe lakini pampu itahema kama mtu anayevuta asali kwa mrija. Ukitia nyepesi mno, plau itaruka juu na gia zitapiga kelele. Tena humo ndani mna bushi za shaba, vipete ambamo vyuma huzunguka, na ziko oili za siku hizi zenye dawa kali, zilizotengenezwa kwa ajili ya gia za magari mapya, ambazo hulinda chuma huku zikiitafuna shaba taratibu. Kwa hiyo yeye alitaka oili ya uzito wa namba themanini, ya aina ya zamani, isiyo na dawa kali. Akiikosa, alirudi nyumbani na kopo tupu.

"Mama, chukua hii," muuza vipuri alimwambia siku moja, akimsogezea kopo lenye picha ya gari linalotoa moto nyuma. "Hii ndiyo ya kisasa."

"Trekta langu si la kisasa."

"Lakini hii inafaa kila kitu."

"Hata kupikia?"

"Aa, Mama, kupikia hapana."

"Basi haifai kila kitu. Nipe ninayoitaka au nipe njia nipite."

Kupima nako kulikuwa na utaratibu wake. Banda la trekta lilijengwa kwenye mteremko, na trekta likiwa humo, oili yote ilikimbilia upande mmoja, hivyo kijiti cha kupimia kikaonyesha pungufu hata kama tangi limejaa. Mama Plau alilitoa kwanza hadi uwanjani, kwenye tambarare. Alishusha plau mpaka chini ili oili iliyoko kwenye mitambo ya kunyanyulia irudi tangini, akasubiri itulie, ndipo akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kusoma. Mambo haya yalikuwa kichwani mwake tu. Hakuwa mchoyo wa maarifa. Alikuwa mgumu wa kuamini watu, na mtu wa namna hiyo huonekana mchoyo hata asipokuwa.

Kisha jicho lake la kulia likaingia ukungu. Daktari alilitengeneza, akalifunga bandeji, akampa masharti: asiiname, asikae penye vumbi, asiguse trekta mpaka amruhusu.

Yalikuwa masharti mabaya kwa wakati mbaya. Mvua zilikuwa karibu, na chama cha wakulima kilikuwa kinatafuta trekta la kulima bonde lake. Bonde lile lilikuwa kazi kubwa kuliko zote za mwaka. Ukilipata, mwaka wako umekaa vizuri. Ukilikosa, unabaki kuokoteza vishamba vya nyuma ya nyumba. Baba yake Mama Plau alililima, naye akaendelea kulilima. Lakini safari hii alikuwapo mshindani, kijana wa upande wa barabara kuu, aliyenunua trekta lenye chumba cha vioo, redio, na feni ya kumpepea dereva. Watu walishamwita Feni. Mwenyekiti wa chama alitangaza kwamba atakagua kila trekta kabla ya kuamua.

Mama Plau alikaa kitandani na jicho moja, akiwaza trekta lake limesimama bandani bila mwangalizi. Angeweza kumchagua mtu mmoja na kumfundisha. Lakini kila alipomfikiria mmoja, kasoro zake zilimjia mbele.

Alianza na mume wake, aliyekuwa anapiga pasi suruali ya mteja.

"Baba watoto, sogea. Nataka kukupa siri."

"Siri? Mwaka huu umenikumbuka!"

"Uwe unaangalia oili ya trekta. Ukiona imepungua, ongeza kidogo. Kidogo, umesikia? Na usimwambie mtu. Dada yako akijua ataitia kama anatia maji mtungini."

"Mdomo wangu nimeufunga zipu," alisema fundi cherehani, na akatoka akiwa amejaa fahari.

Baadaye, akisema anakwenda kunyoosha miguu, Mama Plau alipita kibarazani kwa mkwe wake, mume wa binti yake. Huyu alikuwa kinyozi, kijana safi, mwenye vioo vitatu na marashi ya kila aina. Alimkuta anamnyoa mteja, akamnong'oneza sikioni.

"Mwanangu, wewe una macho. Baba mkwe wako haoni mstari wa kijiti bila miwani, na miwani yenyewe haoni alipoiweka. Uangalie oili kwa siri."

"Usijali, Mama. Nitalitunza kama kichwa cha bwana harusi."

"Mimi sitaki linukie. Nataka oili isipungue."

Angeishia hapo, pengine wawili hao wangegongana bandani na mambo yakafichuka mapema. Lakini jioni wifi yake alimletea chakula. Wifi huyu alikuwa dada wa fundi cherehani, mpishi wa shule, mwanamke wa mkono mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Mama Plau alipoona alivyomjazia sahani, alijisikia mwenye deni la upendo, na mtu mgumu akilegea hulegea vibaya.

"Wifi, hawa wanaume siwaamini."

"Nani anawaamini?"

"Oili ya trekta. Uwe unaitupia jicho. Lakini kimya kimya, wasijue."

"Wifi yangu, umemaliza. Chungu kikiwa mikononi mwangu hakikauki."

Kauli hiyo peke yake ingetosha kumtisha. Yeye aligeukia ukutani akalala usingizi mzuri, akijiona ameweka walinzi watatu. Hakuwa ameweka hata mmoja, kwa maana mlinzi asiyejua kama kuna mwenzake humpiga mwenzake rungu.

Fundi cherehani ndiye aliyetangulia. Alichomoa kijiti ndani ya banda, kwenye mteremko, bila miwani. Alichoona ni kitu kirefu chenye unyevu mwishoni. Akatia oili iliyokuwa imebaki kwenye kopo, namba themanini halali, mpaka kopo likaisha. Kisha akaona juu ya giaboksi, yaani lile tangi la gia, kitundu kidogo kilicho wazi. Kitundu hicho ni cha kupumulia. Gia zikipata moto, hewa hutokea hapo. Yeye aliona tundu tu, tena la aibu. Alirudi na kipande cha ngozi, akakishonea kofia ndogo ya duara yenye uzi mweupe pembeni, akakivika na kukikaza kwa waya. Ilikuwa kofia nzuri, na haikupitisha hewa hata chembe.

Kinyozi alikuja siku iliyofuata. Alisoma kijiti vizuri, maana macho alikuwa nayo, lakini alikisomea bandani, na kijiti kikamdanganya kwamba oili ni pungufu. Kopo lilikuwa tupu. Akaenda dukani na kununua lile lenye picha ya gari linalotoa moto. Alipolifungua alisikia harufu kama ya yai viza. Akasema moyoni kwamba dawa kali ndiyo inayofanya kazi, akamimina.

Wifi hakupima kabisa. Mpishi wa kweli, alisema, hajui kupima, anajua kuona. Aliona oili iliyomo ni nyepesi kama mchuzi wa jela, akanunua nzito kuliko zote dukani, namba mia na arobaini, akaitia huku akiimba.

Kila mmoja alikuta faneli imelowa, akadhani ni unyevu wa oili yake ya siku zilizopita. Mkwe aliwasha injini mara kwa mara na kulizungusha trekta uwanjani ili lisidorore. Giaboksi ikapata moto, hewa ikatafuta pa kutokea ikakuta kofia, na oili iliyofurika ikasukumwa pembeni, ikapenya kwenye sili za ekseli, mipira inayoizuia isitoke, na kuanza kudondoka karibu na magurudumu ya nyuma.

Hapo ndipo upendo ulipogeuka balaa. Fundi cherehani aliona doa chini, akasema, "Kumbe inavuja!" Akaongeza, kisha akatandika gunia juu ya doa ili mkewe asipatwe na wasiwasi. Kinyozi aliona gunia limelowa, akaongeza, akabadilisha gunia. Wifi aliona gunia jipya lina doa, akaongeza, akamwaga majivu juu yake. Trekta lilikuwa linavuja kwa sababu limejazwa, nao walikuwa wanalijaza kwa sababu linavuja.

Bandeji ikaondolewa. Daktari alimruhusu Mama Plau kuendesha, ila kuinama bado. Mwenyekiti wa chama alikuja asubuhi ya ukaguzi mapema kuliko alivyosema, kwa baiskeli, akasimama chini ya mteremko karibu na lango. Mama Plau alitaka oili ipimwe kwanza. Akamtazama mume wake, mume akamkonyeza. Akamtazama mkwe wake, mkwe akamkonyeza. Wifi alimkonyeza kwa macho yote mawili. Mama Plau alikonyezwa mara tatu, akafurahi mara tatu, akapanda trekta.

"Nyanyua plau, shuka nayo, usimame hapa nilipo," mwenyekiti aliita. "Nikiona inanyanyua na inasimama, mimi sina neno zaidi."

Aliliwasha, akavuta mkono wa kunyanyulia. Pampu iliguna. Plau ilipanda nusu, ikasita, ikatetemeka kama inazuia kicheko, kisha ikapanda. Mama Plau alikunja uso. Sauti ile hakuijua. Lakini mwenyekiti alikuwa anatazama, akaachia trekta lishuke.

Alipolikaribia lango alikanyaga klachi na breki pamoja. Breki zilikubali mguu, zikaenda mpaka chini, na magurudumu yakaendelea na safari yake.

"Simama!" mwenyekiti akasema.

"Nasimama!"

"Husimami!"

"Ondoa baiskeli!"

Mwenyekiti aliondoka mwenyewe, akarukia mtaroni, akaiacha baiskeli. Mama Plau akasukuma mkono wa plau ishuke itie nanga. Plau, kwa uzito wa ile oili, ilishuka kwa mwendo wa bibi harusi. Trekta likapita pembeni ya baiskeli, likaingia kwenye bustani ya wifi iliyopakana na lango, na hapo ndipo plau ilipogusa ardhi, ikazama, ikalipindua tuta zima la mboga kutoka mwanzo hadi mwisho. Injini ikazimika.

Mwenyekiti alitoka kwenye mtaro akijikung'uta suruali. "Mama Plau, kulima umelima," alisema. "Kusimama ndiko kwenye maneno."

Wote walikimbilia magurudumu. Upande wa ndani ulimeremeta oili hadi chini.

"Mboga zangu!" alilia wifi. "Nilijua tu hiyo sili imekwisha! Siku zote hizi naongeza, naongeza, na bado—" Akajiziba mdomo.

Fundi cherehani alimgeukia. "Dada, unaongeza nini?"

"Na wewe kwa nini mikono yako ina oili?"

"Mimi ni mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye anayetia oili?"

"Si nimeombwa!"

"Na nani?"

Kinyozi alikuwa anaangalia mawingu kama mtu anayesubiri ndege. "Mkwe," wifi akamvaa, "nawe pia?"

"Shangazi, mimi niliambiwa nisiseme."

"Uliambiwa na nani?"

Waligeuka wote watatu polepole, wakamtazama Mama Plau juu ya kiti chake cha bati. Mwenyekiti naye, asiyejua lolote, akafuata macho yao.

Ingekuwa rahisi kupiga kelele. Alikuwa na haki ya kuuliza nani alinunua nini, nani alipima wapi, na nani alikivika kitundu cha giaboksi kofia yenye uzi mweupe. Alivuta pumzi.

"Na mimi," alisema. "Niliwaambia wote watatu. Na kila mmoja nilimwambia awaonee mashaka wenzake."

"Kwa hiyo ulimwambia kaka yangu kwamba mimi sifai?" wifi akauliza.

"Ndiyo."

"Na mimi ulinisema nini?" akauliza fundi cherehani.

"Nilisema una miwani usiyoiona."

"Hilo ni kweli," alikiri fundi cherehani, lakini uso wake ulikuwa umeshuka.

Mwenyekiti alimvuta Mama Plau pembeni. Alikuwa amemheshimu baba wa Mama Plau, na hakumpenda Feni, aliyeongea na watu akiwa amefunga kioo. "Sikiliza, dada. Bonde ni tambarare. Mkutano ni leo alasiri. Nitasema nimeliona linanyanyua plau, na hilo si uongo. Sili na breki utabadilisha ukiwa umeshapewa kazi."

Mama Plau alitazama njia iendayo bondeni. "Bonde ni tambarare. Kufika bondeni ni kushuka mlima. Njia ile ile wanapita watu na mizigo kichwani."

"Utashuka na gia ndogo."

"Gia zinazoogelea kwenye oili ya aina tatu? Sema lilishindwa kusimama."

"Nikisema hivyo Feni analichukua bonde."

"Najua. Sema hivyo hivyo."

Mwenyekiti alipanda baiskeli yake bila kuaga vizuri, kwa kuwa watu huwakasirikia wanaokataa kusaidiwa.

Kazi ya kurekebisha ilianza siku hiyo hiyo. Trekta lilivutwa hadi tambarare, injini ikawashwa kidogo ili oili ipate moto na kutoka vizuri, kisha nati ya chini ya giaboksi ikafunguliwa. Kilichotoka kilijaza mabeseni yote ya nyumba na mengine ya jirani. Kilikuwa cha rangi ya kahawa iliyochujwa vibaya, chenye povu juu na harufu ya yai viza.

"Hiyo harufu ni yako," wifi alimwambia kinyozi.

"Na huo unene ni wako, Shangazi. Angalia, hauteremki. Unafikiri."

Mume alikata waya, akaivua kofia ya ngozi. Giaboksi ikatoa pumzi ndefu, fyuu, hata yeye akacheka. Wakaisafisha kwa oili nyepesi, wakaimwaga nayo, kisha wakang'oa magurudumu. Sili zilikuwa zimejikunja midomo. Pedi za breki zilikuwa zimenyonya oili mpaka ndani. Kinyozi alitaka kuzikausha kwa moto, Mama Plau akamwambia kwamba zitakauka usoni tu, ukizikanyaga zikipata joto oili itarudi juu. Zikatupwa.

Safari hii aliwaeleza yote: mteremko wa banda, plau kushushwa kwanza, kitundu cha kupumulia, shaba na dawa kali, kwa nini themanini na si mia na arobaini. Aliwaeleza wote pamoja, kwa sauti ya kawaida, mchana, na kila mmoja alichomoa kijiti mwenyewe na kukisoma mbele ya wenzake. Fundi cherehani alikwenda kuitafuta miwani kwanza. Wakamsubiri.

Sili za trekta la zamani vile hazikuwako dukani. Ziliagizwa mbali, na mvua ikafika kabla yake. Mama Plau alisimama uwanjani akisikiliza redio ya Feni ikiimba kule bondeni, trekta lake likiwa juu ya magogo bila magurudumu ya nyuma.

Kutomwamini hata mmoja kati ya watu watatu kulimgharimu kazi ya bonde msimu ule, na msimu uliofuata pia, kwa kuwa chama hakikumwita tena kukaguliwa. Kulimgharimu sili mbili, breki za magurudumu yote mawili na oili ya tangi zima. Wifi yake aliacha kumletea chakula, na alikaa hivyo mpaka mboga mpya zilipoota.